Nilimwombea Mteja Wangu Kanisani, Sasa Fomu Inaniuliza Kama Nilitoa Siri

Admin, jina langu lifiche na kijiji changu pia, maana huku Bariadi nikitajwa hata nusu watanijua. Mimi ni mzee wa miaka sabini na moja, mkulima wa pamba na mzee wa kanisa, nina mke mmoja na wajukuu wa kutosha. Shule niliishia darasa la nne na hapa naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mtakaocheka chekeni, ila someni mpaka mwisho.

Kwa kusuluhisha ndoa mimi si mtu wa kubahatisha. Wapo waliotoka mahakama ya mwanzo hawatazamani usoni, wakaja kwangu, leo wanavuna pamoja. Watu wametoka mpaka Mwamapalala kunifuata mimi, na mchungaji wao wanaye. Ndiyo maana kanisa lilipotangaza kwamba siku hizi anayetaka kuitwa mshauri lazima asomee, asimamiwe, kisha asajiliwe na chama cha washauri, mtu wa kwanza kuandikisha jina nilikuwa mimi. Wazee wenye uzoefu tulipokelewa kwa cheti cha chini. Nilikaa darasani na vijana wa umri wa wajukuu zangu, na maswali magumu nilijibu mimi. Msimamizi wangu ni binti mmoja mpole, namwita mwalimu. Habari za usajili nimeshatangaza kila mahali, na suti nimeshona.

Sasa wakati wa mafunzo alikuja kwangu mwanamke mmoja wa kanisani kwetu, mama wa watoto watatu. Tulikaa chumba cha nyuma ya kanisa. Akaniambia mumewe anampiga na amechoka. Alikuwa ameficha mfuko kwa jirani, ndani kuna nguo za watoto, kadi zao za kliniki na vyeti vyake vya shule, anasubiri pamba iishe shambani aondoke. Akasema, "Guku, haya nimekwambia wewe tu." Guku kwetu ni babu, na mayu ni mama. Nikamjibu, "Mayu, neno likiingia kwangu halitoki."

Jumatano ikawa zamu yangu kuongoza maombi. Kanisa lilijaa. Nikashika kipaza sauti nikaombea mvua, nikaombea wagonjwa, kisha nikasukumwa moyoni nimwombee yule mama. Jina sikutaja, Mungu ananiona. Nilisema Bwana mkumbuke mama anayepigwa, mlinde siku atakayochukua mfuko wake kwa jirani na kuondoka. Na ili maombi yawe na uzito nikasema na mumewe umguse, yule mwenye maksai wa rangi fulani, mmoja pembe imevunjika. Rangi hapa siiandiki, nimeshajifunza. Huku kwetu unaweza kusahau jina la mtu, lakini ng'ombe wake wa kulimia huwasahau. Nilipomaliza sikusikia Amina. Nikafumbua macho, nikaona vichwa vyote vimegeukia benchi moja upande wa akina mama.

Kabla jua halijazama mume alishaambiwa. Akaenda kwa jirani akauchukua ule mfuko, akauchoma uwanjani kwake watoto wakiangalia. Yule mama akatoroka na watoto wake na nguo walizovaa, akaenda kwa ndugu zake, sisemi wapi.

Asubuhi yake mume akaja kwangu na jogoo mkononi.

"Mwangaluka, guku. Nimekuja kushukuru. Umenifungua macho."

Nikamwambia achukue jogoo wake, mimi sikumwombea mtu amchomee mkewe vitu. Akacheka tu, akamfunga jogoo kwenye nguzo ya ghala langu.

"Jumatano ijayo usikose, guku. Uombe na mahali alipokwenda."

Tangu hapo kila asubuhi anapita, anasimama njiani, ananiuliza kama nimeshaomba.

Mke wangu alivumilia siku tatu ndipo akasema, "Siku ile hukuomba, baba. Ulitaka watu wajue kwamba mambo mazito yanaletwa kwako." Nikamfokea mpaka akaondoka. Lakini usemi wake haujaondoka.

Na fomu ya usajili ndiyo hii imekuja. Inauliza: Je, umewahi kutoa siri ya mteja? Visanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Mwalimu aliona nimeruka.

"Baba, hapa umeacha."

"Miwani inanisumbua."

"Basi ijaze nyumbani. Ijumaa nazipeleka zote."

Ukiweka Ndiyo unaitwa kwenye kamati, na wanaweza kukuweka kando moja kwa moja. Ukiweka Hapana, yule binti anasaini chini yako kuthibitisha kwamba ni kweli. Wazee wenzangu wanasema maombi si maongezi, weka Hapana. Na mimi nimeshikilia hivyo hivyo, kwamba Mungu niliyemwambia alikuwa anajua tayari, sasa siri gani nimetoa? Ila kipaza sauti hakikuwa cha Mungu, kilikuwa cha wale waliokaa kwenye mabenchi.

Jana nikampigia yule mama. Nilipanga kuomba msamaha, nikajikuta namweleza habari za fomu.

"Weka Hapana, guku. Mimi sitakusema popote."

Nikamshukuru sana.

"Ila nakuomba kitu kimoja. Usiniombee tena."

Akakata simu.

Ndugu zangu, mimi nimezoea kuulizwa, kuuliza sijazoea. Fomu iko ndani ya Biblia yangu. Jogoo bado yuko kwenye nguzo, kumla siwezi, na kila akiwika naona kama anawaita watu waje wanione. Nikiweka Ndiyo, mzee mzima nabaki na suti isiyo na kazi. Nikiweka Hapana, nitakaa tena kile chumba cha nyuma, atakuja mama mwingine, na mimi nitamwambia neno likiingia kwangu halitoki. Kesho ndiyo Ijumaa. Niambieni ninyi mlio wengi, mkono wangu niupeleke kwenye kisanduku kipi?