Siku Sitini Bila Ajali

Nimewahi kuona mtu mzima akiapa hajaumia, huku yeye anaangalia Kenya na mguu wake unaangalia Uganda.

Sikuhadithiwa. Nilikuwepo. Tena mimi ndiye nilipaswa kuandika.

Naitwa Brendah. Mwaka jana nilikuwa kwa mjengo hapa Busia, soko la ghorofa nne, hatua chache tu kutoka mpakani. Kazi yangu ilikuwa sanduku la huduma ya kwanza na daftari la ajali.

Na ajali zilikuwa, eish! Leo huyu amekanyaga msumari, kesho yule ameangukiwa na tofali. Mwezi mmoja kazi ilisimamishwa mara tatu.

Ndipo meneja wetu, Injinia Oluoch, akatuita wote.

"Mkimaliza siku sitini bila ajali hata moja kwa daftari, kila mtu anaenda nyumbani na mabati kumi!"

Tulipiga kelele, watu mia mbili, hadi madereva wa malori kwenye foleni wakashuka kuangalia kuna nini.

Mabati kumi si mchezo. Kwa mama yangu kule Namboboto, mvua ikinyesha tulikuwa tunahamisha kitanda.

Mwanzoni mambo yalikuwa poa. Watu walivaa helmeti hata wakienda choo.

Halafu nikashtuka. Wiki nzima hakuna mtu amekuja kwangu. Hata kuomba plasta.

Nikamkuta Egesa, nyapara wetu, amefunga kidole na karatasi ya simiti.

"Egesa, hicho kidole kimefanya nini?"

"Kidole gani?"

"Hicho kinatoa damu."

"Aah, dada. Hicho nilizaliwa nacho hivyo."

Kumbe walikuwa na mpango. Mtu akiumia, anapakiwa kwa boda, anavushwa njia ya panya, anatibiwa kliniki ya ng'ambo.

Egesa alinieleza bila kucheka. "Ajali ikitibiwa Uganda, ni ya Uganda."

Nikanyamaza. Nilikuwa nimeshapima paa la mama.

Siku ya hamsini na nane, Aluka, fundi wa mawe, alianguka kutoka ghorofa ya kwanza.

Puu!

Nilipofika na sanduku langu, wenzake walikuwa wameshamsimamisha na kumwegemeza ukutani. Mmoja alikuwa anamshikisha mwiko.

"Aluka, umeumia?"

"Zii. Niko sawa." Jasho linamtiririka. "Nimeshuka tu."

"Umeshuka kutoka juu kule?"

"Nilikuwa na haraka."

Akanivuta karibu. Meno yalikuwa yanagongana.

"Dada Brendah, usiandike. Zimebaki siku mbili tu. Mke wangu ameshabomoa paa la nyasi."

Nikafunga daftari.

Wakamweka kwa boda katikati ya watu wawili, mguu umefungwa kwa ubao. Akawa anapungia watu mkono njiani kama mheshimiwa.



Siku ya sitini ikafika. Hema, muziki, lori limejaa mabati. Mkubwa wa kampuni, Mama Gaudencia, alikuja mwenyewe. Alitusifu, kisha akashika mkono wa Injinia Oluoch na kuuinua juu kama wa bondia aliyeshinda.

Injinia akapiga yowe, muziki ukazimwa.

Koti likavuliwa. Bega lote bandeji!

"Uliumia lini?" Mama Gaudencia akauliza.

"Wiki ya tatu, mama. Niliteleza kwa ngazi."

"Ukatibiwa wapi?"

Akainamisha kichwa. "Ng'ambo."

Kumbe yeye pia kampuni ilikuwa imemwahidi gari siku sitini zikipita safi.

Mama Gaudencia akanigeukia. "Lete daftari."

Akafungua kurasa. Nyeupe zote.

"Hapa hata mbu hajauma mtu?"

Ningeweza kumwachia injinia mzigo wote. Nikashindwa.

"Mama, kuna fundi anaitwa Aluka. Amevunjika mguu, amelazwa ng'ambo, na nyumba yake haina paa. Nilijua. Sikuandika."

Egesa alinitazama kama mtu nimemlia mabati yote kumi.

Mama Gaudencia akafunga daftari, akasema, "Aluka aletwe, atibiwe kwa gharama yetu, na apewe mabati yake. Nyinyi wengine, zawadi ya siku imekufa. Kuanzia sasa, ukionyesha hatari kabla haijaumiza mtu, na ikarekebishwa, unapata bati moja papo hapo."

Kufikia saa kumi nilikuwa nimeandika hatari sitini na tatu. Mmoja aliripoti injinia.

Lakini wanaume watatu walinijia, kila mmoja kivyake, wakaniambia kitu kimoja. Ubao wa kusimamia kule juu, ule uliomwangusha Aluka, ulikuwa umelegea wiki mbili nzima.

"Na mkanyamaza?"

Wa tatu akaangalia chini. "Dada, sisi tulikuwa tunalinda siku."

Nilisimamishwa kazi mwezi mmoja, na nilistahili. Aluka sasa anatembea, ingawa anachechemea.

Wewe mwenye mradi mkubwa, watuze watu wako, ni vizuri. Lakini angalia unatuza nini. Sisi tuliahidiwa tuzo kwa daftari jeupe, na daftari jeupe ndilo tulileta.