Mikeka ya Msikiti Juu ya Paa la Kanisa

Leo nimemwambia imamu wetu maneno ambayo sikuwahi kudhani nitayasema.

Tuanze na moto.

Adhuhuri nyasi za nyuma ya nyumba zetu hapa Msambweni zilishika moto, na upepo ukausukuma hadi kwenye kanisa dogo la jirani zangu. Paa lake ni la makuti. Likiwaka hilo, mtaa mzima umekwisha.

Wanaume walikuwa wakiupiga moto kwa matawi. Maji yalikuwa pipa langu moja tu.

Nikaiangalia mikeka niliyokuwa nikiisuka tangu Ramadhani, nadhiri yangu kwa msikiti. "Bismillahi." Nikaichovya yote! Vijana wakapanda, wakaitandaza juu ya makuti. Cheche zikaiangukia, zikazimika. Mikeka imetoboka vibaya, lakini paa halikushika.

Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia.

Basi nikaenda kwa imamu.

"Shikamoo, mwalimu. Mikeka ya msikiti imeungua."

"Imeungulia wapi?"

"Juu ya paa la kanisa."

Akaziangalia nguo zangu zilizojaa masizi.

Kisha akauliza, "Watu wamesalimika?"

"Wote."

"Basi Mwenyezi Mungu akutakabalie nadhiri yako, mama. Sisi tutaendelea kuswalia ile ya zamani."

Nimelia njia nzima.

Sasa hivi barazani kwangu wamejaa kina mama wa kanisani. Wamekuja na majani ya miyaa wanisaidie kusuka mikeka mipya. Ukili anaousuka mke wa mchungaji unakwenda upande upande. Nimemwambia ni mzuri sana.

Nyinyi mngemwambiaje?