Leso niliyopata kwa pickup ya dawa za swimming pool

Admin, nifichie jina, na picha usiweke, kwa maana watu wa kanisa letu wote wako kwa hii page. Mimi ni mama wa watoto watatu, miaka thelathini na sita, naishi Kiboko. Mume wangu ni dereva wa kampuni moja inayouza dawa za swimming pool. Anapelekea malodge na mahoteli kwa pickup ya bosi, sana sana ile njia ya Kibwezi kwenda Ikutha, saa zingine mpaka Mwingi.

Alipopata hiyo kazi alifurahi mpaka akatuchosha. Walimfundisha sheria za kubeba huo mzigo, naye akaja kutufundisha sisi mezani, chakula kinapoa. Klorini na asidi hazipandi gari moja, kwa sababu zikimwagikiana zinatoa moshi wa kuua mtu. Mitungi isimame wima, ifungwe kamba, isiguswe na maji. Stika ya hatari ikae nyuma ya gari. Na abiria hapana kabisa. Siku moja kifungua mimba wetu alimwomba lifti ya shule, akamkatalia. Akasema, "Hii gari ikiwa na mzigo, hata mama yangu mzazi hapandi." Nilimheshimu sana hiyo siku.

Sasa mwaka huu nikaanza kuona vitu. Kwanza ile stika. Gari inarudi nyumbani nyuma haina stika, alama ya gundi tu. Nikiuliza, ananiambia imebanduliwa na vumbi. Vumbi gani hilo linabandua stika kila safari? Halafu mashati yake, yana madoa meupe ambayo hayatoki. Halafu akaanza kunuka hoteli. Wanawake mnanielewa, ile harufu ya maji ya swimming pool, inamshika mpaka kwa nywele. Nikajiambia, huyu kuna mtu anaogelea naye. Nilipekua simu yake sikuona kitu, na hapo ndipo nikashuku zaidi, kwa sababu simu safi namna hiyo mtu huisafisha.

Halafu nikapata leso. Ilikuwa imesukumwa chini ya kiti cha gari, ya njano yenye maua mekundu, nzuri kweli, ila upande mmoja imepauka na kutobokatoboka. Nguo ya mwanamke, na si yangu. Nililia bafuni, nikaosha uso, nikampakulia chakula kama kawaida, huku namwangalia tu akikohoa. Hicho kikohozi pia nilikishuku. Nilidhani anajifanya mgonjwa ndio nisimuulize maswali.

Nikaamua kumpigia mama mkwe, ambaye sisi humwita Mwaitu. Anaishi Ikutha na ndiye mtu pekee mume wangu anamwogopa. Nikamweleza yote, nikamwelezea na hiyo leso ili ajue simsingizii mtoto wake. Mwaitu akacheka mpaka nikaudhika.

"Hiyo ni yangu, mwana wakwa," akasema. "Niliikalia juu ya hiyo mitungi ya sabuni tukienda kuimba. Ikaharibika hivyo, na mapaja yangu yakaniwasha wiki nzima."

Kumbe kila akipeleka mzigo upande huo, anabeba kwaya ya kanisa la mama yake. Amewaambia ni sabuni ya kuosha swimming pool. Kwetu mtu akiwa na gari, hata kama ni ya bosi, kanisa linaihesabu ni yake. Hiyo pickup wameiombea, wazee wameiwekea mikono kwa boneti, inaitwa "gari yetu". Nitasema ukweli, kwanza nilishukuru Mungu kwamba hakuna mwanamke. Halafu nikakumbuka yale mafunzo ya mezani, abiria hapana kabisa.

Asubuhi akinywa chai nikainua turubai ya pickup. Klorini na asidi zimebanana, mtungi mmoja wa asidi umelala kwa ubavu. Nilipomkabili hakukataa. Alisema bosi humtaka aende safari mbili, moja ya klorini na moja ya asidi, yeye anaziunganisha apate muda wa kuwabeba wamama. Stika huibandua kwa sababu wakiiona wataogopa kupanda.

"Hapa mimi ni dereva tu," akasema. "Kule mimi ni mtu. Ukinichoma kwa bosi, nitakuwa nani?"

Akaniapia ataacha. Lakini turubai sasa ameitia kufuli, na kufuli ya nini kama umeacha? Jumamosi hii kwaya imealikwa Mwingi, na nimesikia akiambia mtu kwa simu kwamba kuna lodge huko inangoja mzigo. Nikimwambia bosi, kazi imeisha na watoto wako shule. Kanisa nao watasema nimewanyang'anya gari. Mwaitu nimejaribu kumwambia ukweli, akanijibu kwamba mimi ni mwenye wivu, sitaki mtoto wake amsaidie mama yake.

Jana akanipigia tena, sauti tamu, hana kinyongo. Aliniomba nimtumie mto wa kukalia, kwa sababu hiyo mitungi ni migumu na Mwingi ni mbali. Sikuutuma. Jioni mume wangu akaingia chumbani, akachukua mto wangu kitandani, akaenda kuutia kwa gari. Hakuniangalia usoni.

Mnaosoma hii, msinicheke. Nimpigie bosi, ama nisimame mbele ya kanisa niitwe mchawi, ama Jumamosi nipande nikakae kando ya Mwaitu? Nishaurini haraka, kwa maana mto ameshaubeba.