Maziwa ya Kuosha Kifua

Maziwa yakimwagika juu ya jiko la makaa yana harufu yake. Mwanzo ni tamu, halafu inakuwa ya kitu kinachoungua. Ikinifikia kutoka kwa jirani, mimi huacha ninachofanya nikasimama. Watu wa nyumbani wamenizoea, hawaulizi. Nyinyi msionijua, wacha niwaeleze.

Katika miaka ya tisini tulikaa mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben, ng'ambo ya viwanda. Baba alikuwa kibarua kwenye kiwanda kimoja cha kusaga mawe meupe yanayotumiwa kutengeneza rangi. Mimi na mdogo wangu Wekesa, ambaye hakuwa ameanza shule, tulimngoja jioni kwenye daraja la mbao. Alitokea mweupe kuanzia nywele mpaka viatu, nyusi kama za babu mzee, na watoto wa ploti yetu walimkimbilia wakiimba, "Mzungu, hawayu! Mzungu, hawayu!" Kisha walinigeukia mimi: "Nafula, mzungu wako amefika, mwambie atupige picha!"

Baba aliwajibu kwa sauti ya puani, kama wazungu wanavyosema, akampa mkono kila mmoja. Mimi nilificha uso kwa haya, lakini moyoni nilikuwa na furaha. Halafu aliingiza mkono ndani ya koti akatoa pakiti ya maziwa, zile za pembe tatu, ikiwa bado na joto la mwili wake.

"Shika, Mama."

Aliniita Mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Tulikimbiza pakiti nyumbani, mama yetu akayachemsha, na mara nyingi yalimwagika kwa kuwa tulimzonga miguuni. Hatukuuliza yalitoka wapi. Tulijua tu kwamba Baba huja na maziwa.

Sijui kikohozi kilianza lini. Nakumbuka tu kwamba mwaka mmoja hakikuwepo, na mwaka uliofuata tulikuwa tukimsikia Baba kabla hatujamwona. Akaanza kupumzika katikati ya daraja, akijifanya anatazama mto, na maji yale meusi hayakuwa na cha kutazamwa. Akawa analala ameketi, mgongo kwenye ukuta wa mabati. Jirani mmoja akaacha kunywa chai kwetu. Miaka ile mtu akikonda huku anakohoa, watu walikuwa na jina moja tu la ugonjwa wake, na hawakulitamka. Huko kiwandani, watu wa mashine yake waliendelea kupungua. Baba alirudi akasema fulani ameenda nyumbani kupumzika. Sikumsikia akisema fulani amerudi.

Jumapili moja mchana alikuja Otieno, aliyekuwa naye mashine moja. Nilikuwa nje ya mlango nikisugua sufuria kwa majivu, na mabati hayazuii maneno.

"Omera, ndugu yangu Baba Nafula, hivi maziwa yako unayapeleka wapi?"

"Yananiletea watoto mbio mpaka darajani."

"Acha mchezo. Msimamizi anayetugawia alisema ni ya kuosha vumbi kifuani. Sisi wote tunakunywa palepale getini. Wewe unayabeba kama mtu aliyetumwa dukani!"

Baba alicheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikutaka kuisha.

Nilibaki nimeishika sufuria. Nilikuwa darasa la nne, na nilielewa hivi: Baba atakufa, na dawa yake tumeinywa sisi.

Kesho yake aliponipa pakiti sikuishika. Wekesa alinyoosha mikono, nikamvuta nyuma, akalia mpaka wapita njia wakageuka. Mimi nilikuwa mtoto nisiyeweza hata kumwomba mwalimu ruhusa ya kwenda chooni. Siku hiyo nilisema kwa sauti, "Kunywa wewe. Yote. Nikiona."

"Mama, nani amekuambia?"

"Kunywa."

 Aling'ata pembe ya pakiti, akainua kichwa, akanywa mpaka ikajikunja. Akaigeuza juu chini ili nione haina hata tone.

"Umeridhika, Mama?"

Tangu hapo nikawa askari wa darajani. Kila jioni alikunywa mbele yangu, akaigeuza pakiti. Wekesa alinuna, kisha akazoea. Mama yetu alijua, hakunikataza. Nilisikiliza pumzi ya Baba nikingoja iwe nyepesi. Kuna siku nilijiambia imeanza, na wiki hiyohiyo akashindwa kupanda kilima kidogo cha kutoka mtoni.

Mvua za masika zilipoanza, Otieno alimleta akiwa amemshika kwapani, maziwa yakiwa mkononi mwa Otieno. Baba aliyanywa kitandani, mimi nikimshikia kichwa. Mengine yalimtiririka kidevuni. "Pole, Mama," akaniambia, "nimemwaga." Tulimzika nyumbani, Bungoma, kabla mahindi hayajatoa mbelewele.

Miaka yote hii niliamini kwamba tulichelewa. Juzi nilimkuta Otieno kule Mowlem akiuza viatu vya mitumba. Aliacha kazi ile mapema, lakini hata yeye hupumzika kati ya sentensi. Nilimwambia lililonikaa rohoni, kwamba kama Baba angekunywa maziwa yake tangu mwanzo, angekuwepo.

Otieno alitikisa kichwa. "Baba yako alikuwa akitucheka, mtoto wangu. Tukinywa pale getini anatuuliza, maziwa yanaenda tumboni, vumbi limekaa kifuani, vitakutana wapi? Sisi tukamwona mjinga. Wale waliokunywa kila siku, nimewazika."

"Basi mbona mwishoni alikunywa?"

Alinishangaa. "Si wewe ulimwambia anywe?"

Nilirudi nyumbani kwa miguu, polepole. Jioni zote zile darajani nilidhani mimi ndiye ninayemtunza. Kumbe alisimama pale, pumzi ikimwisha, akinywa maziwa asiyoyaamini mbele ya mtoto mwingine anayeyalilia, ili mimi nilale nikijua kwamba kesho atapata nafuu.