Jina la Tatu

Mwanangu Tusekile hakuzaliwa mtu wa kukaa. Alipokuwa darasa la tatu nilimtuma mgombani akaniletee majani makavu ya kuwashia moto, akarudi na mpira aliousokota kwa majani hayohayo, na moto ukachelewa. Alisoma mpaka kidato cha sita, wa kwanza katika nyumba yetu hapa Kinyala, lakini alama zake hazikumfikisha chuo kikuu. Akarudi nyumbani, akafunga khanga kiunoni na kuchuma chai pamoja nami. Jioni alichezea timu ya mpira wa pete ya wachuma chai, na siku za mechi niliona hata wanaume wanaacha pombe yao kuja kumtazama anavyodaka.

Shule ya sekondari ya kata ilipofunguliwa tulibeba matofali wote, na yeye alibeba. Ilikuwa na walimu watatu na madarasa yasiyo na lipu. Mwezi wa pili tu nikasikia kwamba Tusekile anawafundisha wasichana wa pale mpira wa pete, bila kuombwa na mtu. Alikata miti miwili, akafunga pete za nondo, akachora mistari ya uwanja kwa majivu. Mvua ikiyafuta, alichora upya.

Mwaka 2006 mkuu wa shule, Mwalimu Yohane, alikuja kwangu akasimama mlangoni.

"Mama Tuse, binti yako ananisaidia sana. Lakini safari hii tunakwenda mashindano ya wilaya, na wamesema kocha lazima awe mwalimu wa shule. Asipokuwa mwalimu atakaa na watazamaji."

"Sasa ualimu anautoa wapi, Mwalimu? Chuo ni miaka miwili."

"Siku hizi wanawachukua waliomaliza kidato cha sita. Wanafundishwa wiki nne Mbeya, wanapewa leseni. Shule zimekuwa nyingi kuliko walimu. Akiipata, namwomba wilayani waniletee hapahapa."

Watu waliwaita walimu hao voda fasta, kwa jina la vocha za simu zilizotoka wakati ule, za kuingiza salio upesi. Tusekile aliposikia alicheka mpaka akaweka kikapu cha chai chini. "Mama, nitakuwa mwalimu wa kukwangua." Lakini usiku ule hakumaliza chakula chake, na nilijua anataka kitu hicho kuliko alivyowahi kutaka chochote.

Tangazo la kuandikisha majina lilitufikia Alhamisi, na mwisho ulikuwa Ijumaa. Tusekile alikuwa amekwenda Matwebe na wasichana wake kwa mechi ya kirafiki, wangelala huko. Mwalimu Yohane akaniambia, "Nenda wewe. Wanaandika majina tu, vyeti vitaangaliwa chuoni. Mzazi anatosha."

Nikaenda Tukuyu mvua ikininyeshea. Foleni ilikuwa ndefu, imejaa vijana wenye bahasha za kaki, wanaongea Kiswahili cha mjini. Mimi nilikuwa mzazi peke yangu. Karani alikuwa kijana anaitwa Zuber, mtoto wa mfanyabiashara wa Msasani ya hapo Tukuyu, namfahamu tangu akiuza maandazi ya mama yake stendi.

"Jina la mwombaji, mama?"

"Tusekile."

"La baba?"

"Lukasi."

"La babu?"

Kwetu mwanamke aliyeolewa hamtaji baba wa mumewe. Hamtazami usoni, hapiti mbele yake, na jina lake halimtoki mdomoni hata mzee mwenyewe akiwa kaburini. Nimeishi hivyo tangu nilipoolewa. Jirani yetu alimpa mwanawe jina hilohilo la mkwe wangu, basi mtoto huyo mimi namwita Mjomba, na kijiji kizima kinaelewa. Zahanati, kanisani, shuleni, kila palipotakiwa jina la tatu la wanangu, alikuwapo mume wangu kulitaja. Lukasi alipofariki, watoto walijitajia wenyewe. Siku ile sikuwa na mtu.

"Mama, la babu," Zuber akarudia.

"Ni la baba yake Lukasi," nikasema.

Nyuma yangu wakacheka. Msichana mmoja mwenye mwavuli akasema, "Jamani, babu wa watu alizikwa na jina lake." Mwingine akadakia, "Mpeni la babu yangu, mradi foleni isogee, huku tunalowa."

Zuber hakucheka. Aliinama karibu na mimi akashusha sauti. "Ni mkweo, siyo? Nimeelewa, mama. Hakuna shida. Andika mwenyewe hapa." Akanigeuzia daftari, akanipa kalamu yake.

Nataka nieleze vizuri jambo hili, kwa sababu kwa muda mrefu nililieleza vibaya. Mwiko wetu ni wa mdomo. Mkono haukatazwi. Ningeweza kuandika na nisingemkosea mtu, aliye hai wala aliyekufa. Lakini mimi niliachia shule darasa la tano. Herufi zangu ni kubwa, zinapanda kama njia ya mlimani, na nikiandika midomo inacheza kama mtoto anayejifunza. Nyuma yangu walisimama watu wa kidato cha sita, na walikuwa wameshanicheka mara moja. Niliishika kalamu, nikairudisha mezani.

"Asajile," nikasema.

"Asajile?"

"Ndiyo. Andika Asajile."

Zuber aliniangalia kidogo. Labda alijiuliza jina lililonishinda dakika nzima limetokaje upesi hivyo. Kisha akaandika: Tusekile Lukasi Asajile.

Asajile ni baba yangu mimi. Na nitasema na hili pia: nikiteremka ngazi za ofisi ile nilifurahi kidogo. Baba yangu hakupata mjukuu hata mmoja wa kubeba jina lake, na sasa liko kwenye daftari la serikali. Furaha hiyo ilinifikisha mpaka kwenye kona ya njia ya Kinyala, halafu ikaanza kuniwasha.

Tusekile alirudi Jumamosi ana matope mpaka magotini, timu yake imeshinda. "Mama, umeniandikisha?"

"Nimekuandikisha."

"Ndaga, mama. Asante sana." Akanikumbatia na matope yake. Ningesema hapo. Ofisi ilikuwa inafunguliwa Jumatatu, na jina moja lingefutwa kwa mstari mmoja wa kalamu. Nikamwambia aoge, maji ya moto yapo.

Akaenda Mbeya wiki nne. Chuoni waliitwa kwa orodha iliyotoka wilayani, watu mamia, vyeti vikaangaliwa juujuu, na aliposema jina limekosewa akaambiwa atarekebishiwa baadaye. Alirudi na leseni ndani ya mfuko wa nailoni, akaiweka mezani mbele yangu, anacheka.

"Mama, ona. Wamenipa babu mwingine. Tena wamenipa babu yangu wa huku kwako. Wamemtoa wapi?"

Nikaisoma polepole, ingawa nilijua kilichoandikwa. "Makarani hao," nikasema. "Siku hizi wanaandika wanavyotaka."

Hilo ndilo neno linaloniuma zaidi ya yote. La kwanza nililisema kwa kuona haya, mbele ya watu. Hili nililisema nimekaa jikoni kwangu, hakuna anayenicheka.

Akaanza kazi. Alifundisha uraia kidato cha kwanza, na alasiri filimbi yake ilisikika mpaka kwenye migomba yangu. Wasichana walimwita Madamu Tuse. Alinunua daftari akachora uwanja na vidoti vya wachezaji, kila mchezaji na jina lake. Mashindano ya wilaya yalikuwa yamebaki majuma matatu.

Ndipo wakapita wakaguzi wa vyeti. Kulikuwa na watu waliotumia vyeti vya ndugu zao kupata kazi, kwa hiyo walikuwa wakali. Wakaweka leseni yake na cheti chake cha kidato cha sita sambamba. Kwenye leseni jina la tatu ni hili, kwenye cheti ni jingine. Wakamuuliza cheti hiki ni cha nani. Akasema ni chake. Wakamwambia asimamishe kazi mpaka athibitishe, na kocha asiye mwalimu ni mtazamaji tu.

Kwenye kisima habari ilinitangulia. Mama mmoja akaniuliza, kwa sauti ya kunionea huruma, "Mama Tuse, kumbe kile cheti mlinunua?" Nikajaza ndoo yangu nikaondoka, maji yananimwagikia mgongoni.

Niliporudi nilimkuta Tusekile mezani anaandika barua. Mwandiko wake ni mzuri, umelala upande mmoja kama majani yaliyopigwa na upepo. Nikasimama nyuma yake nikasoma. Aliandika kwa afisa elimu kwamba karani Zuber, kwa uzembe au kwa makusudi, alibadili jina lake, na anaomba achukuliwe hatua.

Nikaona jina la yule kijana pale kwenye karatasi. Nikakumbuka alivyoinama, alivyoshusha sauti.

"Usiipeleke," nikasema.

"Kwa nini nisiipeleke? Ameniharibia."

"Siyo yeye. Ni mimi."

Akaweka kalamu chini. Nikamweleza foleni, mvua, swali la babu. Alinisikiliza bila kunikatiza, na uso wake ulianza kulainika, maana mwiko anaujua, amekulia ndani yake.

"Basi, mama. Ungefanyaje tena, kama huwezi kumtaja?"

Pale ningeweza kuacha. Nilikuwa nimeshasamehewa. Lakini akaongeza, kama mtu anayewaza kwa sauti, "Ila Zuber naye ni mtu wa hapa. Angekupa kalamu."

"Alinipa," nikasema.

Niliangalia miguu yangu.

"Alikupa kalamu, mama?"

"Alinipa. Nikaona aibu na mwandiko wangu."

Hakunigombeza. Aliichukua ile barua akaichana vipande viwili, akavikunja, akaviweka chini ya sahani. Kisha akatoka nje, na nikamsikia anachanja kuni ambazo hatukuzihitaji.

Tuliambiwa kinachotakiwa ni hati ya kiapo mahakamani, ya yule aliyetoa jina. Baba yake mdogo angeweza kulitaja bila shida yoyote, lakini aliyelidanganya daftari ni mimi. Tulikwenda mara mbili hatukumkuta hakimu. Mara ya tatu akatuita.

"Wewe ni nani?"

"Atuganile Asajile, mama yake huyu."

"Jina sahihi la binti yako ni lipi, yote matatu?"

"Tusekile Lukasi," nikasema. "La tatu naomba kuandika, mheshimiwa."

Kulikuwa na watu kwenye benchi nyuma yetu. Hakimu akanisogezea karatasi. Niliandika herufi kumi, midomo inacheza, na mstari ukapanda juu kama siku zote. Ambindwile. Hakuna aliyecheka. Karani wa mahakama alilisoma, akaligonga mhuri. Shughuli yote haikuzidi muda wa kumenya ndizi mbili.

Nikitoka nilipita kwa Zuber kumwomba radhi. Alikuwa hajui kwamba aliponea chupuchupu. "Mama, hayo yameisha," akasema. "Ila siku ile nilijua. Nilisema mama huyu mbona ametaja haraka. Nikaogopa kukuuliza tena mbele ya wale."

Karatasi ya kumrudisha Tusekile kazini ilichukua wiki nne nyingine, sawasawa na muda wa kuutafuta ualimu wenyewe. Mashindano yalipita katikati. Timu ilikwenda na mwalimu wa jiografia, mtu mwema ambaye hakujua mchezaji yupi anaruhusiwa kuingia wapi. Nami nilikwenda. Tusekile alisimama nyuma ya kamba na watazamaji, daftari la vidoti kwapani, amefumba mdomo, maana mtazamaji akielekeza timu inaadhibiwa. Wasichana walikuwa wanageuka kila mara kumtafuta kwa macho. Walifungwa kumi na nane kwa kumi na sita. Nilimtazama yeye, mpira sikuuona.

Sasa amerudi, anafundisha, anapuliza filimbi. Juzi walimu wote wa leseni waliletewa fomu za kwenda chuo kusoma ualimu kamili. Aliijaza mezani wakati mimi namenya ndizi. Jina la kwanza, jina la pili. Alipofika la tatu alisimamisha kalamu, akainua macho akaniangalia. Niliacha kumenya. Nilikuwa tayari kuipokea ile kalamu, nilishafuta mikono kwenye khanga.

Akainama akaliandika mwenyewe.

Sikumuuliza kwa nini. Nikachukua ndizi nyingine.