Kontrola Mbili, Pande Mbili

Sisi watu wa kaskazini mashariki tuna kipaji ambacho bado hatujasifiwa vya kutosha: tunajua kugawa. Ngamia akichinjwa, kabla ngozi haijakauka kila ukoo umeshapata sehemu yake. Kazi ya ulinzi wa shule tunaigawa. Tenki la maji likiletwa tunaligawa, na kama maji hayatoshi tunagawa kivuli chake. Kwa hiyo nilipoingia mkutanoni kuomba kontrola pacha, nilipaswa kujua kwamba natafuta balaa.

Mimi ni fundi wa umeme katika hospitali ndogo, mji mdogo, upande huu wa Garissa. Tuna mtambo unaochuja hewa na kutoa oksijeni, nayo hupita kwenye mabomba hadi kwenye ukuta wa wadi. Mtambo ni mapipa na vali tu. Akili yake ni kontrola, kisanduku kinachoamua vali ipi ifunguke na ipi ifungwe. Kisanduku kikizimia, mapipa yanabaki mapipa. Chetu cha zamani kilizimia kila joto lilipopanda, yaani kila siku aliyoiumba Mungu. Na kwenye kitanda cha dirishani alilazwa mama yangu, mapafu yamechoka kwa moshi wa kuni, mpira puani, anavuta uhai wake kutoka ukuta ule.

Mwenyekiti wa kamati ya hospitali alikuwa ndugu yake wa tumbo moja. Namwita abti, naye ananiita abti vilevile. Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo. Kwa kuwa muuzaji wa kontrola alitoka Nairobi, mkutano ulikuwa wa Kiswahili, lugha ambayo kinywani mwa abti p huwa b na v huwa f. Alituonyesha picha za aina tatu. Mjumbe mmoja akauliza, kwa uzito wote wa cheo chake, kama ipo ya kijani.

Nikaeleza ninachotaka. Kontrola mbili ndani ya kabati moja, kila moja na umeme wake. Moja inafanya kazi, ya pili inaifuata hatua kwa hatua, na ya kwanza ikifa ya pili inapokea hapohapo, mtambo usijue kama kuna msiba.

"Huyu wa bili anafanya kazi gani?" abti aliuliza.

"Anangoja."

"Anangoja nini?"

"Wa kwanza afe."

Wajumbe wakasema astaghfirullah kwa pamoja. Nikajaribu kuwaeleza kwa dumaal, ile desturi yetu ya ndugu wa marehemu kumchukua mjane ili nyumba isivunjike.

"Dumaal naijua," alisema abti. "Lakini huyu ndugu yako ameingia nyumba ya kaka, anaangalia mke, anangoja kaka afe. Hiyo si dumaal, abti. Hiyo ni fita."

Walicheka mpaka kofia zikaanguka. Nami nikashangaa, maana ofisi zetu zimejaa watu wanaolipwa kwa kukaa na hakuna aliyewahi kuwaita vita. Hata hivyo walikubali, na kontrola pacha zikanunuliwa. Nilijiona mshindi, mjinga mimi.

Zilipofika, wazee wa ukoo wa ng'ambo ya barabara wakaja kuziona. Wao wana zahanati yenye benchi na mzani. Mtambo wa oksijeni hawana. Wakasema hospitali ilijengwa upande wenu tukanyamaza, sasa hata visanduku mmepata viwili? Abti alifikiri kwa muda wa kumeza mate, akatoa hukumu: kila upande na chake. Nilipiga kelele. "Abti, tulia," akaniambia, "moja si inakaa bure?" Kisha mikono ikainuliwa, dua ikasomwa, tukasema amiin. Jambo lililofungwa kwa dua kwetu halifunguliwi ovyo. Kontrola ya pili ikawekwa rafuni pale zahanati, haikuunganishwa na kitu chochote, ikafungwa maua ya plastiki.

Ya kwanza ilifanya kazi peke yake vizuri sana, mpaka mchana mmoja baada ya swala ya adhuhuri ilipokufa. Mtambo ukanyamaza. Muuguzi akamuunganisha mama na mtungi wa akiba, na mshale wa kipimo cha mtungi ulikuwa umelala chini. Niliogopa, sioni haya kusema.

Nilimchukua abti tukavuka barabara. Wazee wakatupokea kwa heshima kubwa mno. Tukaketishwa. Shida haisemwi kabla ya chai, na chai ilikuwa ndiyo kwanza inabandikwa. Niliyatazama maziwa ya ngamia yakikataa kuchemka, nikayachukia maziwa, nikamchukia na ngamia. Tulipokunywa, abti akaomba. Wakamkumbusha kwa upole maneno yake mwenyewe, kila upande na chake. Kisha wakakubali, watu waungwana; ila kwa kuwa jambo lilifungwa kwa dua, lazima lifunguliwe kwa dua. Walichagua msomaji asiye na haraka.

Tulirudi na kontrola mikononi mwa abti, maua yakiwa juu yake. Niliiunganisha. Vali zikakohoa, mtambo ukaanza kupumua, na midomo ya mama iliyokuwa na rangi ya majivu ikarudi kuwa midomo yake. Nikaenda nyuma ya kabati nikalia.

Niliporudi wadini, abti alikuwa ameketi kando ya kitanda akimsimulia dada yake, kwa Kisomali, jinsi pande mbili zilivyoelewana na haki ilivyotendeka. Mama alimwacha amalize.

"Uligawa ngamia wa baba, nikanyamaza," alisema. "Uligawa kisima, nikanyamaza. Leo umegawa pumzi yangu. Mimi nilikuwa upande gani?"

Abti aliuweka sawa mpira puani mwake. Mlangoni wazee wa ng'ambo walikuwa wameshafika, kumjulia hali mgonjwa, na kuuliza kwa adabu chao kitarudi lini, maana ile yetu iliyokufa si itatengenezwa.

"Ikitengenezwa itakaa hapahapa na hii," abti alisema. "Ingoje."

"Ingoje nini?"

Abti akamtazama dada yake, akashindwa kulitamka lile neno la mkutanoni.