Siku Birika Liliposhikwa na Kiu

Mafuta ya mkia wa kondoo yakidondokea shaba ya moto hutoa harufu ambayo sijaikuta penginepo. Si harufu ya nyama, wala si ya taa. Mwezi uliopita, siku ya tatu ya Idi, jirani yangu aliyamwaga kwa bahati mbaya juu ya sinia kuukuu la shaba, na harufu ikapita dirishani ikanikuta nimekaa mkekani nikichagua mchele. Nikauacha mchele. Nikajiona nina miaka tisa, nimepiga magoti sakafuni nyumbani kwetu Kivinje, mpini wa mwiko nimeuegesha sikioni, nasikiliza birika.

Nitakuelezeni habari za birika hilo, maana waliolijua wote wametangulia, nimebaki mimi na mdomo wangu.

Baba alikuwa fundi wa shaba. Mabirika, masinia, vijaluba vya tambuu, kila kilichotoboka Kivinje kilipita mikononi mwake. Kulikuwa na Mzungu mmoja wa pamba, upande wa Kikole, aliyekuwa na mashine ya mvuke ya kuchambulia pamba, na mabomba ya mashine hiyo hayakuisha kuvuja. Baba akaitwa kuyalehemu. Alipomaliza hakuruhusiwa kurudi. Alipewa shoka, akaambiwa achochee kuni. Alichochea miezi saba. Kila alipojaribu kuchungulia ndani ya mashine, msimamizi alimfukuza: "Wewe kazi yako kuni." Mwisho mkanda wa mashine ulimnasa mkono wa kulia, ukaondoka na vidole viwili, cha shahada na cha kati. Alirudishwa nyumbani mkono umefungwa matambara. Nakumbuka mama akilia, na baba akimwambia kama mtu aliyetoka safari njema, "Lakini nimeona mvuke unavyoingia. Sijaona tu unavyotoka."

Jambo hilo lilimnyima raha. Jeraha lilipopona, alilichukua birika la kahawa la mama, lile kubwa la shaba alilopewa siku ya harusi, akaliziba kifuniko kwa lehemu, akaacha tundu moja juu la kutilia maji, lenye kizibo cha mti. Mama alisimama mlangoni akatazama. "Usiache mbachao kwa msala upitao," alisema, na maana yake ilikuwa kwamba watu wanaleta masinia yao yatengenezwe na fundi amekaa anaharibu birika zima. Baba alimjibu kwamba msala huu haupiti. Tangu siku ile wageni wetu walinywa uji wa tangawizi.

Vidole vilivyobaki havikuweza kazi ndogondogo, kwa hiyo alinichukua mimi. Sikuombwa, niliitwa tu, kama nilivyokuwa nikiitwa kuteka maji. Alizipa sehemu za mashine majina ya jikoni ili nizielewe. Bomba dogo ambamo mvuke husukuma aliliita kinu, na kipande kinachokwenda mbele na nyuma ndani yake akakiita mchi. Kinu chenyewe kilikuwa ganda la risasi. Mimi ndiye niliyeyaokota maganda hayo nyuma ya uwanja wa shabaha wa askari, ambako watoto wote wa mtaani tulikwenda kuyatafuta, tukiyapuliza kama filimbi. Baba alichagua moja lililonyooka, akalikata kwa tupa. Gurudumu lilikuwa kisahani cha shaba, ukingoni tumekimiminia chubwi za kuzamishia nyavu za wavuvi, zilizoyeyushwa ili kiwe kizito.

Kinu kilining'inia kwenye msumari, kikiyumba. Kikiyumba upande huu, tundu lake lilikutana na tundu la kuletea mvuke kutoka mdomo wa birika, mchi ukasukumwa, gurudumu likageuka. Kikiyumba upande wa pili, lilikutana na tundu la kutolea, mvuke ukatoka. Ndiyo siri yote. Ukiisikia hivi utasema kazi ya siku mbili. Ilituchukua miezi mitano.

Mara ya kwanza gurudumu lilikwenda nusu mzunguko, likasita, likarudi kinyumenyume. "Linafikiri," alisema baba. Lilifikiri wiki tatu. Tundu la kutolea lilikuwa limekaa mbali kwa unene wa ukucha; tukaliziba kwa lehemu, tukatoboa jipya, yeye ameshika keekee kwa kiganja, mimi navuta uta wake. Halafu mvuke ukawa unavuja kati ya kinu na bamba la shaba lenye matundu yale mawili. Nikazisugua nyuso zile mbili kwa majivu na mafuta, moja juu ya nyingine, asubuhi hadi adhuhuri, mpaka zikawa zinanatana zenyewe. Halafu ikabaki shida ya mchi. Ulitakiwa uvishwe uzi wa pamba uliolowekwa katika mafuta ya mkia wa kondoo, ili uzibe bila kukwama. Nikizungusha mara tisa, mvuke ulipenya. Nikizungusha mara kumi na tatu, mchi haukusogea. Baba hakuniambia idadi, maana hakuijua. Alisema tu, "Shaba haina hasira. Ukiilazimisha, kosa ni lako." Mara kumi na moja ndiyo ilikuwa sawa, na aliyeigundua ni mimi. Nilijivuna hata nikaacha kucheza na wenzangu, nikiwaona watoto.

Kulikuwa na hatari moja. Lehemu huyeyuka upesi. Maji yakikauka birikani, mdomo wa birika ungeachia na kuanguka. Kwa kuwa ndani hakuonekani, kazi yangu ilikuwa kusikiliza. Niliegesha ncha ya mwiko kwenye birika na mpini sikioni. Maji mengi yalinguruma. Yakipungua, sauti ilikuwa nyembamba, ikaanza kupiga vishindo vidogovidogo. Hapo nilipaswa kupiga kelele mara moja, mama alete kata ya maji.

Mwezi ule wa mwisho wa kazi yetu ndio vita vilipoanza. Watu wa Umatumbi waling'oa pamba ya Wajerumani, habari zikaja Kivinje zikikimbia, kwamba wamepewa dawa ya maji itakayozigeuza risasi za Mdachi kuwa maji, na kwamba wanapokwenda vitani huitana kwa jina hilo hilo la maji. Mjini kwetu askari waliongezwa. Walipita mitaani mchana kutwa, na watu walikamatwa kwa neno, kwa mtazamo, kwa kuwa na ndugu Likawage, upande wa vita. Wengine waliopelekwa bomani hawakurudi; walinyongwa. Mama alitukataza kulitaja neno lile kwa sauti. Kisimani tulisema tunakwenda "kuleta cha kunywa". Na kwa ajili ya birika, baba alinipa neno jingine.

"Likikaribia kukauka, sema kiu. Umesikia? Kiu."

"Kiu," nikasema.

"Ulimi hauna mfupa, Mwanahawa," alisema mama. "Sema tena." Nikasema mara tatu.

Mngeuliza kwa nini baba hakuiweka mashine kando mpaka vita viishe. Nami nimejiuliza. Nadhani ni kwa kuwa tulibakiza kidogo sana, na mtu aliyebakiza kidogo hawezi kulala.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya sala ya adhuhuri. Baba aliwasha mkaa katika seredani, akaliteleka birika, tukangoja. Mvuke ulipokuja alilisukuma gurudumu kidogo kwa kidole gumba. Likazunguka. Likazunguka tena, halikusita. Kisha likashika mwendo wake lenyewe, taka-taka-taka-taka, mafuta yakirukia shaba ya moto, na harufu ile ikijaa chumbani. Baba alikuwa amekodoa macho kwenye tundu la kutolea, akiutazama mvuke unavyotoka. Sijapata kumwona mtu mzima mwenye uso wa furaha kiasi kile, na mimi nilicheka mpaka nikasahau mwiko.

Nilipoukumbuka na kuuweka sikioni, sauti ilikuwa nyembamba kabisa. Nikaruka. Nikageukia mlango wa uani nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Maji! Maji! Maji!"

Nje, viatu viliacha kutembea.

Mambo yaliyofuata yalikuwa ya haraka, lakini nayaona moja moja. Baba aliunyosha mkono wake wa kushoto, ule mzima, akaukandamiza kwenye ubavu wa birika, akauacha pale. Nilidhani ameingiwa na wazimu. Mlango ukafunguliwa bila hodi, akaingia ombasha, mkubwa wa doria, na askari wawili nyuma yake. Mama alikuwa ameshafika mlango wa uani na kata mkononi, imejaa. Ombasha aliitazama kata. Mama naye akaitazama, kisha akaipeleka kinywani akayanywa maji yote, bila kupumua, akajifuta midomo.

"Nani anaita maji humu?" aliuliza ombasha.

"Mimi, bwana," alisema baba.

"Ilikuwa sauti ya mtoto."

"Niliungua, bwana. Mtu akiungua sauti hupanda." Akamwonyesha kiganja. Ngozi ilikuwa imeshainuka.

Ombasha alikitazama, akaitazama mashine inayozunguka, akainama akayaokota maganda mawili yaliyobaki sakafuni. "Na haya?"

"Nimeyaokota mimi kwenye uwanja wa shabaha, kabla ya vita. Nimefanyia kifano cha mashine ya pamba. Nimekiunda mwenyewe. Hakuna mwingine aliyekigusa."

Hapo sikustahimili. Miezi mitano ya kusugua, mara kumi na moja za uzi, na baba yangu mzazi anasimama mbele ya wageni anachukua kila kitu. Nilisimama.

"Uongo! Maganda niliyaokota mimi! Mashine nimeifunga mimi, yeye hana vidole! Na maji nilisema mi—"

Baba alinipiga kofi. Hakuwa amenipiga kabla, wala hakunipiga tena maishani. Kwa mkono wa kulia, nikaanguka karibu na seredani. "Mtoto huyu ni mwongo tangu anazaliwa," alimwambia ombasha. "Kila kitu kafanya yeye. Jana alisema ameumba mwezi. Mtusamehe, bwana."

Wale askari wawili wakacheka. Ombasha hakucheka, lakini aliacha kunitazama, na wakati huo huo mdomo wa birika uliachia ukaanguka mkaani, mvuke ukafuka, gurudumu likazunguka mara tatu nne kwa uzito wake, likasimama. Ndipo nilipolia. Nataka mjue nililia kwa ajili ya gurudumu. Walimfunga baba mikono, wakamtoa, na alipofika kizingitini aligeuka kunitazama, nami nikageuzia uso ukutani.

Siku nane mama aliswali na kuomba, nami niliitika Amina kwa kuwa nililazimishwa. Siku ya tisa akarudi, ameshikiliwa na majirani wawili. Tulikuja kuambiwa kwamba Mzungu wa bomani aliutazama mkono wake wa kulia, akaona hakuna kidole cha kufyatulia bunduki, akasema mtu huyu si wa vitani. Kwa ajili ya maganda akaamuru hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, na mtu akapona. Watu walikuja kumpa pole mpaka ukumbi ukajaa. Mimi sikumwamkia. Mama alinifinya ukutani mpaka nikapata alama, na shikamoo haikutoka.

Nilikuwa mama wa watoto watatu nilipoelewa. Binti yangu mkubwa alikuwa ametimiza miaka tisa, ameinama anafua, nikaiona shingo yake kwa nyuma, nyembamba, imelowa jasho. Nikakaa chini pale pale kwenye jiwe la kufulia. Baba alikuwa ameshafariki, na yale niliyotaka kumwambia sikuwa na wa kumwambia.

Lakini wakati ule, siku ya tatu tangu arudi kutoka bomani, baba aliniita. Alikuwa amelala kitandani kifudifudi, mgongo umepakwa mafuta ya nazi na kufunikwa majani ya mgomba, uso ameugeuzia kwangu.

"Mwanahawa. Mashine ile ilikuwa kazi yako. Nilisema uongo mbele ya watu."

"Na ukaniita mwongo," nikasema.

"Nikakuita mwongo."

"Na kofi?"

"Na kofi."

Nilisimama nikafikiri, nikajiona mtu mzima mwenye moyo mpana. Kisha nikamwambia, "Haya, baba. Nimekusamehe."

Alijaribu kujiinua ili anijibu kwa heshima, lakini hakuweza.

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Mungu akulipe."